Mke Mwenza Mwenye Koili Sita

Jumatatu, 5 Februari

Na kwa hiyo narudia: si wivu. Mke mwenye wivu hununa, hupekua mifuko ya mume. Mimi sijapekua. Nimeuliza tu, kwa upole, tukiwa tunakunywa chai, kwa nini usingizini ametaja koili ya nne na hakunitaja mimi. Mume Wangu (moyo bado unaruka nikiandika maneno haya mawili. Mume! Wangu!) akacheka, akanishika kidole cha pete, akasema koili ya nne inampa homa, mimi nampa uzima. Nikamsamehe palepale.

Lakini niandike kwa utaratibu, nilivyofundishwa shuleni. Mume Wangu anabuni sumaku. Si zile za kubandika mlangoni mwa friji. Sumaku yake ni kama pipa kubwa lililolazwa, na mgonjwa hulala katikati yake, hospitali ikampiga picha za ubongo na uti wa mgongo bila kumtia kisu. Ndani mna koili sita za waya. Waya huo ukizamishwa ndani ya heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, baridi inayoshinda baridi zote, hupitisha umeme bila kuupinga hata chembe. Umeme unazunguka, unazunguka, hauchoki, haupungui. Aliponieleza hayo wakati wa uchumba nilijua nimepata mume. Nani mwingine aliyewahi kutongozwa hivyo?

Karakana nzima inamwita Bwana Baridi. Maskini, hawajui kitu.

Hii ni sumaku ya kwanza aliyoibuni peke yake. Ikistahimili umeme wake wote kwenye majaribio, ataitwa mbunifu. Ikishindwa, kazi itapewa Mtaalamu, yule mkongwe wa ghorofani anayetembea na kikombe chake mwenyewe, na Mume Wangu atarudishwa kuchora vishikizo vya mabomba. Alivichora kwa miaka. Ananiambia vishikizo vinamkausha roho.

Kwa hiyo huyo ndiye mke mwenza wangu. Mnene, ana matumbo sita, na mume anamwota. Nimeamua kumpenda. Mke mwema hufanya hivyo.

Jumatano, 7 Februari

Nimefanya jambo kubwa na zuri.

Mimi nami nafanya kazi karakanani, chini, chumba cha koili. Waya ukishazungushwa tabaka moja, nalaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu yake, kisha linakuja tabaka jingine, mpaka koili ijae. Halafu inamiminiwa gundi, ikikauka inakuwa jiwe. Mkubwa wetu humo ni Mama Koili, mwanamke wa mikono mifupi na macho marefu. Jana aliniona nikikipapasa kitambaa polepole, akasema mbele ya watu wote kwamba bi harusi asikibembeleze, kitambaa si mume, kinavutwa. Walicheka hadi mashine ikasimamishwa.

Sasa, Mume Wangu ana hofu moja tu duniani. Sumaku ikijaa umeme, nguvu yake yenyewe huusukuma waya. Waya ukisogea hata chini ya unene wa unywele, hupata joto kidogo, na joto hilo dogo huiharibia baridi yote. Heliamu inachemka na kutoka nje kwa mngurumo. Karakanani wanasema sumaku imetapika. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu cha kuushika waya usisogee. Nikafikiri kwa kina. Ni kitu gani hapa duniani kinachoshika kuliko vyote?

Nimechomoa nyuzi za shela langu la harusi. Nyuzi nyeupe, na kitambaa cha kioo nacho cheupe. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha, hata la Mama Koili. Nimezilaza katikati ya koili ya tatu nikiwa nimefumba macho na kunuia. Kesho gundi inamiminwa. Upendo wetu utakaa mle milele, katika baridi inayoshinda baridi zote, ukimshikia waya wake.

Sitamwambia. Zawadi ikitangazwa inapoteza ladha.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio la kwanza. Sumaku imetapika.

Tulisimama nyuma ya kioo. Mume Wangu alikuwa akipandisha umeme taratibu, jasho limemtoka shingoni. Ilikuwa haijafika hata nusu. Ghafla bomba la juu ya paa likanguruma, wingu jeupe likatoka, ndege wakatawanyika. Mtaalamu akapuliza chai yake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Bwana Baridi ametupikia uji.

Mume Wangu hakutikisika. Baadaye alinieleza kwamba sumaku mpya hufundwa. Kila ikitapika waya zake hukaa vizuri zaidi, na safari inayofuata hustahimili umeme mwingi kuliko ule wa mwanzo. Ndilo neno analotumia, inafundwa. Mimi nilifundwa na shangazi zangu alasiri moja tu na sikumtapikia mtu. Lakini sikusema hivyo. Nilimkanda mabega.

Nyumbani kuna jambo jingine. Wifi yangu, dada yake Mume Wangu, anaishi nasi. Ni fundi cherehani, na shela alilishona yeye. Leo kaliulizia. Kuna mteja anataka kuona mfano. Nimemwambia liko kwa dobi. Akanitazama. Akasema, wifi, dobi gani huyo anayefua kitu kilichovaliwa siku moja? Nikasema ni dobi mwenye heshima zake.

Jumanne, 12 Machi

Imetapika tena. Mahali palepale! Umeme uleule, haukuongezeka hata kidogo.

Leo Mume Wangu hakuzungumzia kufundwa. Sumaku inayofundika hupanda. Hii haipandi. Maana yake, anasema, kuna kitu ndani, sehemu moja, koili moja. Vipimo vinaonyesha ni ya tatu au ya nne, zinapakana na alama zao hazitofautishiki vizuri. Alitamka "kuna kitu ndani" na mimi nikadondosha kijiko.

Mkuu wa karakana amemwita. Amempa nafasi moja tu: aifungue sumaku, achague koili, aikate, aisuke upya. Ikikataa tena, kwa Mtaalamu.

Kitu ndani. Koili ya tatu. Ee Mola wangu, ni nyuzi zangu! Nimemchoma mume kwa shela la harusi yake mwenyewe. Sijala. Wifi akasema wanawake wengine wakiolewa hunenepa.

Jumatano, 13 Machi

Nimefikiria kukiri. Nimeliandaa hata tamko. Lakini kila nikilifikia neno "nyuzi" nauona uso wake, na nashindwa. Siwezi kuwa mke aliyeharibu. Siku hizi za kwanza za ndoa ni kama sahani mpya, mtu hazigongigongi.

Kwa hiyo nimebuni njia. Njia safi, haimuumizi mtu. Asubuhi, kabla hajavaa viatu, nimemwambia nimeota. Nimemwambia koili ya tatu imenijia usingizini ikilia, ikishika ubavu wake wa katikati, ikisema nitoeni, nitoeni. Nikatoa chozi moja. Lilikuwa la kweli, kwa sababu nyingine.

Nilidhani atacheka, kwa kuwa ni mtu wa hesabu. Hakucheka. Aliketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Akasema yeye haamini ndoto, ila anaamini mikono. Mikono yangu ndiyo iliyolaza kitambaa cha koili ile. Huenda ilihisi kasoro ambayo kichwa bado hakijaipatia maneno, ikaniambia usingizini. Akaibusu yote miwili. Akasema yeye binafsi alikuwa anaelekea kwenye koili ya nne, lakini atafungua ya tatu.

Nikasimama jikoni nimeikumbatia sufuria. Jinsi anavyoniheshimu! Na jinsi mpango ulivyokubali! Ataikata ya tatu, kitu kitatoka, sumaku itapona, na mimi nitasema ni kitambaa kilichokunjamana. Kila mtu ameshinda.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo koili ya tatu imekatwa.

Ilichukua muda wote huu kuirudisha sumaku kwenye joto la kawaida na kuitoa matumbo yake. Mtaalamu alikuja kuangalia na kikombe chake. Habari za ndoto zilikuwa zimemfikia, sijui kwa nani (nilimwambia Mama Koili peke yake, kwa siri). Akasema zamani kazi hii ilihitaji kikokotoo, siku hizi inahitaji mto. Akauliza kama kuna aliyeota bei ya heliamu. Mume Wangu akaendelea kukata.

Walikata vipande kama mkate, wakavipiga msasa, wakavitazama kwa darubini kimoja kimoja. Nilikuwa nyuma ya stoo, nimejificha kwenye maboksi, nikisubiri kelele. Kelele haikuja. Mwishowe Mama Koili akatangaza kuwa koili ni nzima. Haina ufa, haina povu, gundi imejaa kila pembe. Wameua koili nzima, akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Mume Wangu aliweka kipande kimoja kwenye mfuko wa shati. Hakuniangalia.

Nyuzi zangu hazikuwa na kosa! Sikumchoma! Ilinichukua dakika nzima ya furaha kabla sijaelewa nilichofanya.

Jumamosi, 6 Aprili

Jioni alikiweka kile kipande mezani, chini ya taa. Katikati ya waya, kwenye gundi ngumu, kulikuwa na kitu cheupe kilichosukwa kwa namna ambayo kitambaa cha kioo hakisukwi. Wifi alikuwa anapita na sahani. Akainama, akasema kwa utulivu kabisa kwamba huyo dobi kumbe anafulia mbali.

Kisha akaondoka na sahani zake, akafunga mlango. Kwa hilo namheshimu.

Nikasema yote. Nyuzi, nia, ndoto, chozi. Nilijiandaa kwa ngurumo. Mume Wangu alikuwa anakizungusha kile kipande kidoleni. Akasema gundi imepenya nyuzi za shela vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya koili. Alisema hivyo kama mtu anayetoa taarifa.

Ndipo akaniambia lake.

Alipokuwa anahesabu koili ya nne, hesabu ilimpa idadi ya mizunguko ya waya iliyokuwa karibu, karibu mno, na tarehe ya harusi yetu, siku na mwezi vikiandikwa pamoja. Ilipungua kidogo tu. Akaiangalia namba ile siku kadhaa. Akaongeza mizunguko hadi ikawa tarehe yetu kamili. Hakumwambia mtu. Alitaka nizungushiwe mle, alisema. Ila mizunguko ile ya nyongeza haikuwa na mahali pa kukaa. Iko ukingoni mwa tabaka la mwisho, imeegemezwa kwa gundi tu, na kila umeme ukipanda ndiyo inayosogea. Amejua hivyo tangu jaribio la pili. Alitaka kukata ya nne. Nilipokuja na ndoto yangu alifurahi, alisema, kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna mtihani. Akajidanganya kwamba labda ni ya tatu.

Nililia. Nilicheka. Nilimrukia hadi kiti kikavunjika mguu. Mume gani mwingine ameandika harusi yake kwa waya! Wanaume wanachonga mioyo kwenye miti. Wangu alizungusha!

Yeye hakucheka. Akasema Jumatatu atamwambia Mkuu.

Jumatatu, 8 Aprili

Amemwambia. Alisema ameongeza mizunguko isiyokuwa na mahali pa kukaa, kosa ni lake, na koili ya tatu imekatwa kwa uamuzi wake. Mkuu hakuuliza kwa nini. Alisema makosa ya ukingoni yamewapata wengi, hata Mtaalamu ujanani, na kwamba anafikiria kumwacha asuke koili zote mbili upya na kuendelea. Atatoa jibu keshokutwa.

Mume Wangu amekula sahani mbili. Anadhani atapona.

Anadhani! Nani atakaa kungoja kudhani? Mkuu hajui yote. Amesikia mizunguko mingi, hajasikia mapenzi. Mtu akijua kosa limetoka moyoni hawezi kuhukumu kwa kichwa. Nitakwenda mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda.

Nilivaa gauni la bluu. Mkuu alikuwa ofisini na Mtaalamu na kikombe. Nikaona ni heri, wasikie wote. Nikasimama katikati ya zulia, nikasema kwamba mizunguko ile si kosa la ukingoni. Ni siku ya harusi yangu. Nikaeleza namba, siku, mwezi. Nikaeleza kwamba hakuna hesabu duniani iliyowahi kuwa tamu kama hiyo. Nikataja na shela ili wajue kwamba tulifanya bila kuambizana, kila mtu kwa upande wake, ghorofani na chini. Nilizungumza vizuri. Nadhani sijawahi kuzungumza vizuri hivyo.

Mkuu alivua miwani. Nikajua machozi yanamlenga. Alikuwa anaifuta.

Akauliza, polepole, kama nimesema mbunifu wake alibadilisha namba ya sumaku ya hospitali, makusudi, ili ifanane na tarehe. Nikasema ndiyo, kwa furaha. Akauliza kama nimesema kuna nguo ndani ya koili. Nikasema nyuzi tu. Mtaalamu alikuwa ameshusha kikombe. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila mzaha usoni. Akasema, mwanangu, nenda nyumbani. Akasema kwa wema, na wema huo ndio ulionitisha.

Jioni jibu likatoka. Sumaku imepewa Mtaalamu. Mume Wangu anarudi kwenye vishikizo. Mimi nimetolewa chumba cha koili. Nitahesabu skrubu stoo.

Alhamisi, 11 Aprili

Aliosha vyombo vyote jana, hata visafi. Mimi nilikaa mlangoni pa jikoni. Nilisubiri aniite jina baya ili nianze kuomba radhi kutoka hapo. Hakuniita.

Alipomaliza akakausha mikono, akasema kosa la kwanza ni lake na hatalibebesha mtu. Kwamba mgonjwa anayelala mle hana habari na harusi yetu, na hapaswi kuwa nayo. Mgonjwa anataka picha tu, na arudi nyumbani. Alisema alikuwa amelisahau hilo kwa furaha. Sijawahi kumsikia akisema "furaha" kwa sauti ile.

Halafu aliniomba jambo moja. Nikipata wazo lolote, zuri au baya, nimwambie yeye kwanza kabla sijalifanya. Kwanza yeye. Nikaapa. Nikaapa tena. Nikamshika mashavu nikaapa mara ya tatu.

Wifi alinikuta asubuhi nikilia juu ya skrubu nilizokuja nazo nyumbani kuzihesabu. Akakaa kando yangu akanisaidia. Akasema kaka yake alikuwa mtoto wa hivyo hivyo, aliwahi kumwandikia barua kuku. Sikuuliza kuku alijibu nini.

Jumanne, 10 Septemba

Imepita! Imepita yote!

Koili ya tatu mpya, koili ya nne mpya yenye idadi ileile ya hesabu, bila mzunguko wa nyongeza, bila uzi wa mtu. Ilitapika mara moja mwanzoni kwa adabu, ikafundika, ikapanda, ikashika umeme wake wote na haikuuachia. Wiki iliyopita iliondoka kwa lori. Mume Wangu alitoka na michoro ya vishikizo vyake mkononi, akasimama getini mpaka lori likakunja kona. Mtaalamu alisimama kando yake. Sikusikia walichosemezana, ila niliona Mtaalamu akimpa kikombe chake akishike wakati yeye anasaini karatasi za dereva, na hakuna mtu aliyewahi kukishika kikombe kile.

Kibao cha shaba kimebandikwa ubavuni mwa sumaku. Kina jina la Mtaalamu. La Mume Wangu halimo. Na koili zote sita ni zake, umbali wa kila moja, unene, mpangilio, vyote kichwani mwake kabla ya kuwa waya. Anasema haidhuru. Anasema picha zinatoka safi na hilo linatosha. Usiku anavitaja vishikizo kwa namba.

Haidhuru kwake. Mimi haijaniingia.

Leo nimepata habari kwamba hospitali imeanza kuitumia. Mtu halali ndani yake hivi hivi. Anahitaji ugonjwa na karatasi ya daktari. Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Kichwa ni hatari, wanaweza kukuta kitu. Mgongo ni wa wazee. Nimechagua goti. Nimeanza kuchechemea tangu asubuhi ili lizoeleke machoni pa watu. Wifi kauliza kwa nini asubuhi lilikuwa la kulia na jioni limekuwa la kushoto. Nimemwambia maumivu ya siku hizi yanatembea.

Nitalala mle kimya, nitamsikiliza mke mwenzangu akigonga na kupiga kelele zake, na nitajua niko katikati ya kichwa cha Mume Wangu, mahali ambapo hata kibao cha shaba hakifiki. Mwenye kuhitaji picha kweli atanisubiri kidogo nje, kwenye benchi. Mapenzi hayachukui muda mrefu.

Mume Wangu sijamwambia. Nitamwambia kwanza, nimeapa, na nitatimiza, mara tu nikishatoka.

Basi nitunzie nafasi, mwenzangu. Kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja kukutembelea, kwa goti lolote litakalokuwa linauma siku hiyo.